Mrina Asali na Vijana wa Jumamosi

Mrina asali wa mtaa wetu wa Shanwe alikuwa mwongo hodari. Naanza na hilo kwa sababu yeye mwenyewe, kila alipotakiwa kujieleza mbele ya wageni, alianzia hapo. "Mimi nimedanganya miaka mingi bila likizo," alikuwa akisema. "Nimemdanganya mke wangu, nimemdanganya padri, nimemdanganya mwenyekiti wa mtaa, na mbuzi wa jirani nilimdanganya kwa pumba akanifuata mpaka kilabuni, sikurudi naye." Watu wakicheka, alisubiri wamalize, kisha akasema kwamba habari ya mbuzi si mzaha, jirani yupo, wakamuulize.

Sikuwa na haja ya kuuliza. Mbuzi alikuwa wangu.

Wakati ninaousimulia alikuwa ameacha pombe zamani, na kila Jumamosi asubuhi alikuwa na vijana nyuma ya nyumba yake, chini ya bati alilohifadhia ndoo na mizinga mibovu. Walikuwa watoto wa sekondari na waliokimbia sekondari, na kila mmoja alikuwa akijaribu kuachana na kitu: gongo, komoni, bangi, au kile kinachonuswa kwenye chupa, ambacho Mrina alikataza kisitajwe kwa jina. Alisema kutaja ni nusu ya kufundisha. Hapakuwa na kibao mlangoni wala mtu aliyevaa koti jeupe. Kijana aliyekuja akitetemeka mikono, Mrina hakumkalisha hata kidogo. Alimpakia kwenye pikipiki na kumpeleka hospitali kwanza, kwa sababu aliwahi kumwona mtu akiacha gongo ghafla peke yake chumbani, na mtu huyo hakutoka chumbani kwa miguu yake. Katika jambo hilo hakuwa na utani. Katika mengine yote alikuwa nao.

Msaidizi wake alikuwa Mama Dagaa, mwanamke aliyeuza dagaa wa Karema pale sokoni. Yeye naye alikuwa mlevi, naye aliacha, tena aliacha kabla ya Mrina, jambo ambalo hakuchoka kumkumbusha. Wasichana walikaa upande wake. Mrina aliwahi kulalamika kwamba upande huo unanuka samaki, na Mama Dagaa akamjibu kwamba upande wa Mrina ulikuwa unanuka vibaya zaidi enzi za pombe na hakuna aliyelalamika.

Nilizoea kusikia vicheko vyao juu ya ua wa michongoma uliotenganisha nyumba zetu. Siku ya kwanza niliyovuka ua kwenda kuangalia, nilimkuta kijana mrefu anaingia, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia upande wa Majimoto, aliyekuwa anakaa kwa shangazi yake hapa mjini ili asome. Jina lake Masanja. Alikuwa anatafuna kitu kwa bidii. Mrina alikuwa anacheza drafti na hakuinua macho.

"Majani ya mpera," akasema.

"Nini, mzee?"

"Unatafuna majani ya mpera. Sisi tulikuwa tunatafuna karafuu. Nyie watoto mnashuka daraja."

"Tumbo linaniuma, mzee. Nimeambiwa ni dawa."

"Upande gani?"

Masanja akafikiri kidogo, akashika upande wa kushoto.

"Mimi lilikuwa linaniuma wa kulia. Kaa."

Masanja akakaa. Hakuhubiriwa, hakutishwa, hakuulizwa amekunywa nini. Akasukumiwa kikombe cha chai, na mchezo wa drafti ukaendelea. Baada ya muda mrefu nilimwona anageuka na kutema majani yale nyuma ya ndoo, taratibu, kama mtu anayevua kiatu kinachobana. Nilipomuuliza Mrina baadaye kwa nini hakusema zaidi, alinijibu kwamba kudanganya ni kazi ngumu kuliko kulima. Unaamka nayo, unalala nayo. Ukimpata mtu ambaye huwezi kumdanganya, kwa sababu uongo wako wote aliutumia yeye kabla hujazaliwa, unapumzika. "Mimi hapa nauza mapumziko," alisema, akaangalia kama nitacheka.

Mimi niliingia katika habari hii kwa sababu ya mpwa wangu, Leokadia. Mama yake, dada yangu, anapika wanzuki, ile pombe ya asali, na wanzuki yake ina sifa. Amesomesha watoto kwa kazi hiyo peke yake, na sina la kumcheka. Lakini mpika wanzuki anahitaji mtu wa kuonja kama imekolea, na dada yangu ulimi wake ulikuwa umechoka, kwa hiyo tangu Leokadia akiwa mdogo ndiye aliyekuwa anaonja. Alikuwa mwonjaji mzuri. Alipofika kidato cha pili alikuwa anaonja hata isiyohitaji kuonjwa. Kidato cha tatu alikuwa amehamia kwenye gongo, anaibeba shuleni ndani ya chupa ya soda. Siku moja walimwokota kwenye mtaro karibu na stendi, mguu mmoja hauna kiatu. Hospitali walimrudisha kwa taabu, na daktari alituita mimi na dada yangu pembeni akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba mtoto huyu akiletwa hivi tena, tusitegemee yeye daktari kuwa na maneno mengine ya kutuambia. Alikuwa na miaka kumi na sita.

Nikamvusha ua Jumamosi iliyofuata. Aliingia amenuna, amekunja mikono. Mrina alimwangalia, akamwambia, "Karibu, mama. Umeletwa au umekuja?"

"Nimeletwa."

"Vizuri. Waliokuja wenyewe wananisumbua sana. Wana maswali."

Akakaa upande wa samaki.

Tabia za Mrina zingemkasirisha mtu yeyote mwenye utaratibu. Chai yake ilikuwa na sukari nyingi kiasi kwamba kijiko kilikuwa kinaona aibu kuzama. Mama Dagaa alificha kopo la sukari kila wiki mahali papya, na yeye alilipata kila wiki, kwa sababu, alisema, mtu aliyewahi kutafuta chupa iliyofichwa na mke wake hashindwi na kopo. Misa ya kwanza ya Jumapili alihudhuria bila kukosa na alilala bila kukosa, tangu mahubiri mpaka sadaka, na alikuwa akitoka nje anayasifu mahubiri yale. Kwenye drafti aliiba. Aliiba waziwazi, kwa kiwiko, na akikamatwa alirudisha kete kwa heshima kama aliyeiokota njiani. Kete zenyewe zilikuwa vizibo vya soda. Kijana mmoja aliwahi kuleta vizibo vya bia kuongezea vilivyopotea, Mrina akavikusanya kimoja kimoja na kumrudishia. "Hawa wazee tuligombana," alisema. "Siwezi kuwachezesha drafti."

Alikuwa na usemi wake kuhusu pombe: kwamba haina haraka. Watu wengi, alisema, wanadhani pombe inakufukuza. Haikufukuzi. Imekaa pale ulipoiacha, imekunja miguu, inasubiri, ina uvumilivu kuliko mama mkwe. Kwa hiyo usijisifu kwamba umeikimbia mbali.

Na alikuwa na namna yake na wazazi. Baba mmoja alimleta mwanawe amemshika sikio, akatoa hotuba ndefu juu ya maadili ya vijana wa leo. Mrina alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, kisha akavuta kigoda, na baada ya kigoda hicho akavuta cha pili. "Hiki cha kwanza ni cha kijana," akasema. "Na hiki cha pili ni chako, mzee mwenzangu, maana upepo unatokea upande wako, na harufu yake naijua." Yule baba aliondoka kwa hasira. Baada ya wiki kadhaa alirudi peke yake, akakikuta kigoda chake kinamsubiri, akakaa. Hakuna aliyemuuliza kitu. Vijana walimpa chai.

Sasa nije kwenye nyuki.

Msimu wa kurina ulipofika, Mrina aliwachukua vijana msituni, nami nikafuatana nao. Mizinga yake ilikuwa kwenye msitu wa kijiji kimoja, mwendo wa pikipiki kutoka mjini, mingine ya mbao na mingine ya magogo iliyoning'inizwa juu ya miti kama alivyofundishwa na babu zake Wakonongo. Aliwaambia vijana kwamba kuna kanuni mbili za wazee. Ya kwanza, nyuki hawapendi harufu ya pombe. Ukienda kwao umekunywa, hata tone, watakuandikia usoni. Hiyo kila mtu aliikubali haraka. Ya pili ndiyo iliyowashangaza: nyuki hawampokei mtu mwenye ugomvi. Kwa hiyo kabla ya kuwasha moshi, warinaji husimama pamoja chini ya mti, na kila mmoja anautua ugomvi wake kwa mdomo, mbele ya wenzake. Kama ugomvi ni na mtu aliyepo, wanaumaliza palepale. Usipomalizika, mzinga haufunguliwi.

Kama nyuki wanajua ugomvi au hawajui, mimi sina uhakika. Niliwahi kumuuliza bwana mmoja anayefanya kazi ya ufugaji nyuki, akasema harufu ya pombe ni kweli inawakasirisha, kuhusu ugomvi akatabasamu, akasema hajawahi kujaribu. Ninachojua ni kile nilichokiona. Vijana ambao kwenye Jumamosi mbili tatu hawakutoa neno, chini ya mti ule, wakisikia mvumo ule juu ya vichwa vyao, walitoa maneno kama mtu anayemwaga mfuko. Masanja alisema ana kinyongo na kaka yake, aliyepewa pikipiki wakati yeye aliambiwa asome. Mwingine alisema hajamsamehe mama yake kwa kuolewa tena. Mama Dagaa alitua ugomvi wake na Mrina kuhusu sukari, na Mrina aliutua ugomvi wake na Mama Dagaa kuhusu sukari hiyohiyo, wakasameheana kwa namna iliyoonyesha wazi kwamba wiki ijayo utaanza upya.

Nilijua Mrina aliipenda kanuni ile kuliko nyuki wenyewe. Ilikuwa inamfanyia kazi yote. Yeye alisimama tu ameshika kopo la moshi, akitikisa kichwa.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo sote tulilijua na hakuna aliyelisema. Asali inaporinwa, ile safi huenda kwa wanunuzi wa mjini. Inayobaki, nyeusi, iliyochanganyika na masega na majana, yaani watoto wa nyuki, haitakiwi na mtu, isipokuwa wapika wanzuki. Mrina aliwauzia wao, miaka yote, tangu akiwa mlevi mpaka alipoacha. Na mteja wake mkubwa, kila Jumatatu, alikuwa dada yangu.

Nilipomgusia hilo, alinijibu kama wakili. Alisema asali si pombe. Alisema anayeuza mahindi haulizwi habari za komoni. Alisema kama si yeye ataleta mwingine. Alisema pia kwamba chai na sukari ya Jumamosi vinatoka kwenye ndoo hizohizo, na hiyo ilikuwa kweli. Kisha akaniuliza kama yule mbuzi wangu aliwahi kuwa na mtoto, kwa hiyo nikajua mazungumzo yameisha.

Msimu uliofuata nilikwenda nao tena msituni kusaidia kubeba ndoo. Leokadia alikuwa ameshakaa nao miezi, alikuwa ameanguka mara moja na kurudi, na uso wake ulikuwa umeanza kupata rangi. Tulisimama chini ya mti asubuhi, umande bado uko kwenye majani. Moshi ulikuwa tayari. Ugomvi ukaanza kutuliwa kwa zamu, na ulipofika kwa Leokadia, akasema, "Mimi ninao na wewe, babu."

Mrina akaonyesha kifua chake kwa kidole. "Na mimi? Jana nimekuletea skonzi."

"Asali ya mama inatoka wapi?"

"Asali inatoka kwa nyuki."

Masanja akacheka, akaona yuko peke yake, akaacha.

"Jumamosi unanifundisha kuacha," Leokadia akasema. Hakupandisha sauti. "Jumatatu unaleta ndoo nyumbani. Jumatano mama ananiita nionje kama imekolea. Nikikataa, ananuna, anasema nani atamsaidia. Wiki iliyopita nilishika kikombe. Nilikishika tu, nikakirudisha. Sijui wiki hii nitakirudisha au vipi. Ile asali ni yako, babu."

Mbung'o walikuwa wanatutafuna shingoni na hakuna aliyejipiga. Mimi nilikuwa namwangalia Mrina, kwa sababu nilimjua kwa miaka mingi na sikuwahi kumwona amekosa jibu.

Akalipata. "Mjukuu wangu," akasema, "huu ni ugomvi mkubwa, na mkubwa unataka kikao. Tuuweke mpaka Jumamosi. Nyuki hawa hawasubiri, jua likipanda watakuwa wakali."

"Kanuni ni yako, baba," akasema Mama Dagaa.

"Kanuni ni ya wazee."

"Basi wazee wanakuangalia."

Akageuka akavaa kofia ya wavu, akapanda ngazi. Alipanda akiwa amekasirika, na sijui alimkasirikia nani. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na ngazi na niliona kitu ambacho wengine hawakukiona: hakuifunga kamba ya wavu shingoni. Mtu aliyefanya kazi ile tangu utotoni, aliyewagombeza vijana kila mara kuhusu kamba ile, hakuifunga. Akafungua mzinga. Hatukusubiri sana. Alishuka ngazi kwa kasi ambayo mzee hatakiwi kuwa nayo, kopo la moshi limeanguka, mikono inaupiga wavu wenye nyuki ndani, na sote tukakimbia mpaka barabarani.

Alipouvua wavu, mdomo wa juu ulikuwa umevimba umefika puani, na jicho moja limefungwa. Mama Dagaa alianza kung'oa miiba kwa kucha bila huruma yoyote. Vijana walijizuia kadiri walivyoweza. Masanja ndiye aliyeshindwa kwanza, akakaa chini katikati ya barabara akicheka mpaka machozi, kisha wote. Hata Leokadia, akiwa ameweka mkono mdomoni.

Mpaka leo vijana wale watakuambia kwamba nyuki walijua. Mimi nasema ni kamba. Nikifikiri sana naona tunasema jambo moja.

Mrina alisubiri kicheko kipite. Kisha akasema, kwa mdomo ule, "Jumatatu sileti."

"Sijasikia, babu," akasema Leokadia.

Alisikia. Sote tulisikia.

"Jumatatu sileti ndoo."

"Kwa nani?"

"Kwa mama yako. Wala kwa mwingine. Asali nyeusi siuzi tena kwa wapika pombe. Umeridhika, au nipande tena?"

"Nimeutua," akasema Leokadia.

Nimeishi na watu wa kutosha kujua kwamba neno lililosemwa msituni halifiki mjini. Kwa hiyo Jumatatu nilikuwa kwa dada yangu mapema, nikijifanya nimekuja kuangalia paa. Mrina alikuja na baiskeli, bila ndoo, uso bado umevimba upande mmoja. Akamweleza. Dada yangu alimsikiliza akiwa amesimama na mwiko mkononi.

"Kwa hiyo unanifungia kazi," akasema.

"Sijakufungia, dada. Nimejitoa."

"Na watoto wangu watakula hayo maneno?"

"Hawatakula. Ila huyu mmoja wako nataka awepo wakati wa kula."

Dada yangu akageuka akaingia ndani. Hakumsalimia kwa miezi. Asali alipata kwa mtu mwingine baada ya siku chache tu, kama Mrina alivyotabiri, na wanzuki haikukosekana Shanwe hata wiki moja. Lakini kitu kimoja kilibadilika. Hakumwita tena Leokadia aonje. Aliwaambia wateja wajitolee kuonja, na waonjaji walijitokeza wengi kuliko wanunuzi, mpaka ikabidi aweke zamu.

Nisije nikamfanya Mrina mtakatifu. Alilalamika kuhusu asali ile nyeusi kwa msimu mzima. Alilalamika kanisani, alilalamika sokoni, alitutajia kila Jumamosi sukari ilivyopungua na kwa sababu ya nani. Akimpa Leokadia chai alikuwa anasema, "Chukua, mama, chai ya mtu uliyemfilisi." Leokadia alikuwa anaipokea na kuongeza sukari. Alianguka tena mara moja, vibaya, na tulimtafuta mchana kutwa, na aliyempata ni Mrina, kwa sababu alijua mahali pote ambapo mtu anajificha akiwa na aibu. Yeye mwenyewe aliwahi kulala pote. Alirudi naye kwa miguu. Baada ya hapo tulimhamishia Majimoto, kwa mama mdogo wa Mama Dagaa, mbali na mapipa ya mama yake. Akapata kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Habari zikawa zinakuja nzuri, kisha zikawa haziji, na nyumbani kwetu habari zisipokuja ni nzuri zaidi.

Mwaka jana nilikwenda Majimoto wakati wa mavuno kununua mchele. Leokadia alinipigia simu nikiwa njiani. Alisema, "Mjomba, pitia na sukari kilo mbili, leo tuna kikao." Nikajua anacho kikao chake. Nilikuwa nimesikia kwa Mama Dagaa kwamba Jumapili mchana, mashine ikiwa imezimwa, anakaa na vijana kwenye uwanja wa mashine hiyo. Wengi ni wale wa kuwinga ndege, kuwafukuza mashambani, ambao hulipwa mpunga na kuubadilisha kwa gongo kabla hawajafika nyumbani. Nilikuwa nimesikia jambo lingine pia kwa Mama Dagaa, kuhusu Mrina, ambalo hakulisema kwa furaha.

Nilipofika, mtu wa kwanza niliyemwona amekaa kwenye gunia la pumba, nje ya uzio, alikuwa Mrina. Alikuwa amezeeka. Shati limefungwa vifungo vibaya.

"Habari za Shanwe?" akaniuliza.

"Salama. Na wewe huku?"

"Nimekuja kukagua. Vikao vya huku mashambani vinahitaji ukaguzi."

Nikamwambia vizuri. Nikakaa karibu naye na kilo zangu za sukari. Kwa mbali kidogo nilipata harufu ambayo sikuwa nimeipata kwake tangu siku za mbuzi. Alijua nimeipata.

"Tulimzika mdogo wangu Karema," akasema. "Baada ya mazishi walipitisha kikombe. Nikasema ni cha heshima."

"Pole."

"Kikawa cha heshima wiki nzima."

Kisha nikamuuliza kwa nini amekuja huku mbali na si kwake, nyuma ya nyumba, ambako kila mtu anamjua.

"Kule mimi ndiye hakimu," akasema. "Na mimi ni hakimu mwenye huruma sana."

Tukaingia. Vijana walikuwa kama kumi na kidogo, wamekaa juu ya magunia na madebe yaliyopinduliwa, vumbi la pumba kwenye nywele zao. Mama mwenye mashine alikuwa anamimina chai. Leokadia alisimama katikati amevaa kitenge na fulana ya mpira wa miguu, mwanamke mzima sasa. Alimwona Mrina, na nikaona kwamba hakuwa ameambiwa. Uso wake ulisimama kidogo. Mrina akaenda kukaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Leokadia akawasalimia vijana, akasema maneno machache, kisha akauliza kama anavyouliza kila wiki, "Kuna mgeni leo?"

Kijana mmoja akakohoa. Kisha nyuma kabisa gunia likalia, na Mrina akasimama, kofia mkononi.

"Shikamoo," akamwambia.

Vijana wakacheka. Kila mtu angecheka; mzee wa mvi anamwamkia binti. Hata mimi nilitaka kucheka, na nilimwangalia usoni nione kama ni utani wake wa kawaida. Hakuwa anacheka. Alikuwa anasubiri jibu, na kofia inamtetemeka mkononi.

Leokadia hakucheka. Aliacha kicheko kiishe chenyewe, mpaka wa mwisho akanyamaza. Alikuwa na machozi lakini hayakushuka.

"Marahaba," akasema. "Umekunywa lini mara ya mwisho?"

"Jana. Na leo asubuhi, kidogo."

"Mikono inatetemeka tangu lini?"

"Tangu nilipojaribu kuacha."

"Basi kesho asubuhi tunaanza hospitali, mimi na wewe. Leo utalala kwa mama mdogo, na mimi nitakuwa pale; ikizidi, tunakwenda usiku huohuo." Akaelekeza debe tupu lililokuwa karibu na miguu yake. "Njoo ukae hapa mbele, babu. Huko mlangoni ndiko tunakokaa tukitaka kutoroka."

Mrina akatazama mlango, akatazama debe. Kisha akapita katikati ya magoti ya wale vijana, akiwaomba radhi mmoja mmoja, mpaka akafika.